Sufuria ya Pili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri na lile goti limeacha kukusumbua. Nisalimie shemeji, na umwambie bado sijasahau kwamba aliuita wali wangu uji. Sisi huku miili ni mizima. Moyo ndio hauko mahali pake. Tangu juzi mlango ukigongwa nachungulia dirishani kwanza, hata kama ni jirani tu anaomba kiberiti.

Unakumbuka uliponiachia jiko hili la shule, ukamhakikishia mwalimu mkuu kwamba mikono yangu ni mikono yako. Utaratibu ulikuwa uleule wa wakati wako: wanakula watoto ambao wazazi wao wamechangia, majina yao yamebandikwa mlangoni. Wengine hubaki darasani wakinusa. Kuna binti mmoja wa darasa la pili, namwita Kijiko, maana siku zote ana kijiko mfukoni ingawa hajawahi kupewa sahani. Mama yake anauza ndizi mbivu getini.

Basi mwalimu mkuu akawaomba wazazi wakubali wiki moja ya majaribio, watoto wote wale bila kuulizwa nani kachangia na nani hakuchangia. Pakawaka moto. Mwenyekiti wa kamati alisema yeye hakuzaa ili alishe wa mwenzake. Mwalimu mkuu akamjibu kwamba mtoto mwenye njaa haingiwi na hesabu, awe wa nani. Mwishowe wakakubali, shingo upande, na maharage ya kuwatosha wote yakaletwa.

Jumatatu nikapika. Wa orodha walijipanga kwanza kama walivyozoea, wakala sufuria ya kwanza. Wageni wakafuata, wakala ya pili. Dada, ungemwona Kijiko! Alikifuta kile kijiko kwenye sketi mara tatu kabla ya kukichovya. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani wakaanza kutapika, mmoja baada ya mwingine, wale wa sufuria ya pili tu. Nilibeba ndoo za maji kuwaosha. Jioni wengi walipata nafuu, isipokuwa watatu waliolazwa, na Kijiko ndiye aliyezidiwa.

Maneno nayo hayakuchelewa. Mwenyekiti alisema matumbo yale hayajazoea chakula, na watu wakacheka. Wakacheka, dada! Kisha mmoja akakumbuka ndizi za getini, na mama Kijiko akachukuliwa na polisi kwenda kuhojiwa. Mpaka naandika hajarudi. Bwana afya alipofika jikoni, sufuria nilikuwa nimeshazisugua zinang'aa. Akaniuliza, nikamwambia nimepika kama siku zote. Kesho wazazi wanakutana, na hakuna asiyejua watakaloamua: orodha irudi mlangoni.

Leo mchana nimekwenda hospitali. Kijiko amelala na dripu mkononi, midomo imekauka, lakini ananijua. Aliniuliza kama kesho pia watapewa chakula. Nikamwambia apone kwanza. Ndipo akaninong'oneza kwamba maharage yalikuwa magumu kidogo, ila hakusema, asije akaonekana anachagua, wakaacha kuwapa. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi.

Ulizoea kuniambia mficha maradhi kifo humuumbua, basi sikufichi. Asubuhi ile mkono wangu ulipima bakuli zilezile za kila siku. Miaka tisa umepimia watoto wa orodha, haukujua kuwahesabu wengine. Nilikuja kushtuka saa ya chai, ndipo nikabandika sufuria ya pili. Na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba maharage mekundu yasipochemka ya kutosha ni sumu. Nilionja punje moja, ikagoma chini ya jino. Kengele ikalia, watoto wamejipanga, mwenyekiti amesimama pale anatazama, nikaona aibu kusema kwamba hawa sijawapikia. Nikapakua.

Nesi wa hospitali ndiye niliyemwambia kwanza, nikiwa palepale kwenye ngazi. Wa pili ni wewe. Nikishaifunga bahasha hii naenda kituoni, mama Kijiko aachiwe, na wakiniruhusu kutoka, kesho nitasimama mbele ya wazazi kabla hawajaamua. Naogopa, dada. Naogopa kufukuzwa, naogopa kufungwa, na macho ya yule mama ndiyo naogopa kuliko vyote.

Wasalimie watoto wote hapo nyumbani. Wakinizuia huko, nakuomba uje ulishike jiko, hata kwa kuchechemea. Na ukifika usimtafute mtu kwenye orodha: sufuria zote mbili zipande motoni asubuhi, kwa pamoja.

Ni mimi mdogo wako,
Mpishi