Waya Uliofika Chumbani Mwako

Mama Wafula, mke wangu,

Mafundisho niliyopewa ujanani, ambayo nami nimewafundisha wengine kanisani kwetu hapa Kitale, yanatukataza kuwaita wafu. Sikuiti. Atakayekuita ni Bwana mwenyewe, siku aliyoiweka. Mimi nakuarifu tu, kama nilivyokuarifu kila niliporudi nyumbani, kwa sababu kuna jambo limetendeka katika nyumba yako na si haki ulikose.

Nimekata waya wa spika ya chumbani mwako.

Nitaeleza kwa utaratibu. Tulipokwisha kukulaza Bungoma, kando ya mama yangu, na kunyolewa kama ilivyo desturi ya kwetu, Wafula alinirudisha Kitale. Tuliikuta sebule kama waombolezaji walivyoiacha: viti vingali nje, kabati limesukumwa pembeni, redio kubwa imefunikwa shuka. Mwanao akaanza kurudisha vitu mahali pake. Alipofika kwenye redio aliufuata ule waya kwa macho, kutoka nyuma ya kabati, juu ya mlango, kando ya dari ya ukumbi, hadi kwako. Spika moja ilikuwa sebuleni. Ya pili ilikuwa bado juu ya meza yako ya dawa.

"Mzee," akaniambia, "hii ya mama si tuirudishe hapa? Waya tukate, ilingane na ile ingine."

Nilimwambia aache.

"Kwani inaimbia nani huko?"

Akatoka kuleta viti. Usimkasirikie, alisema lililo kweli.

Yeye hakuwapo siku ile tulipoileta redio nyumbani. Wewe unakumbuka. Nilivuta kamba ya katani kutoka kabatini hadi pembe ya dirisha, nikaikata, nikaenda nayo dukani, nikarudi na waya wa urefu uo huo. Haukufika. Ulikoma hewani, spika ikiwa mbele yake. Wewe ulikuwa unakanda unga, na ulicheka hadi ukakaa chini.

"Baba Wafula, wewe umepima njia ya popo! Waya hairuki, bana. Inatembea ukutani kama mtu."

Ukanawa mikono, ukachukua kamba, ukashuka nayo nyuma ya kabati, ukafuata ukuta, ukapanda mlango na kuuzunguka, kisha ukaongeza urefu wa mkono wako ili spika ipate kusogezwa siku ya kupiga deki. Ukaniagiza nyaya zote mbili ziwe sawa, hata ile ya spika iliyo karibu. "Ukimnyima huyu, siku moja utataka wabadilishane nafasi na atashindwa." Ulizungumza juu ya spika kana kwamba umezizaa.

Kisha miguu yako ikakataa. Ulipokuwa huwezi tena kufika sebuleni, nilirudi dukani kutafuta waya wa kufika kwako, na safari hiyo nilipima ukutani. Muuzaji aliniambia, "Kama ni mbali hivyo, mzee, chukua nene. Nyembamba itachosha sauti njiani." Nikachukua nene. Niliupigilia mwenyewe, huku ukinielekeza kutoka kitandani kwa kusikiliza nyundo tu: "Hapo umeenda juu sana. Rudi."

Hatukujua, wala mimi wala wewe, kwamba katika kanda ya kwaya tuliyozoea kuipiga redioni, wanawake wamewekwa katika spika moja na wanaume katika ya pili. Jioni ya kwanza wimbo ulipoanza, nilikusikia ukiita.

"Baba Wafula! Ati huku niko na wanawake watupu. Wanaume mmewaficha wapi?"

Wanaume walikuwa sebuleni, wakinguruma mbele ya viti vitupu. Basi nilibeba kiti nikakaa kizingitini pako na kukuimbia besi. Ulisema kwamba kwaya yako ina mwanamume mmoja tu, naye anachelewa kila mstari. Hata hivyo, ulitaka niimbe kila jioni. Jioni ile ya mwisho ulikuwa umefumba macho, na sikujua ni katika mstari upi uliacha kusikiliza.

Wafula alipokwenda zake kazini, niliendelea vivyo hivyo. Niliwasha redio, nikabeba kiti, wanawake wakaimba juu ya kitanda kilichotandikwa, nami nikaimba besi. Wimbo ulipokwisha, nilingoja useme kwamba nimechelewa. Nilingoja hivyo jioni nyingi. Jana nikiwa nangoja, nilitambua kwamba sikuwa nikiomba wala kumsifu Mungu. Nilikuwa nakuita. Nilikuwa nafanya kwa waya lile ninalowakataza wengine kwa Maandiko. Nikazima redio, Mama Wafula.

Asubuhi hii nimeung'oa waya ukumbini, msumari mmoja baada ya mwingine. Nimeupima juu ya ule mwingine, nikaukata ukalingana nao, pamoja na ule urefu wa mkono wako. Mkasi ulikuwa butu na waya ni nene. Sikufanikiwa mara moja. Spika yako nimeiweka penye pembe ya dirisha, ilipokaa zamani.

Halafu nimewasha. Wameimba wote, wanaume na wanawake, mahali pamoja, ilivyokusudiwa. Ni wimbo mzuri kuliko nilivyokuwa nikikumbuka. Nimefungua kinywa niimbe, nikakuta besi imejaa, wako wengi, wanaingia kwa wakati, wala hapana nafasi inayomngoja mtu. Chumba chako kimekuwa kimya, na mlango wake sikuufunga. Nimezima kabla hawajamaliza.

Bwana akupumzishe. Udongo wa Bungoma usikulemee, na mvua hizi zikupitie kwa upole. Nakuaga, mke wangu, bila kukuita, nami nakuahidi jambo hili moja: nitausikiliza wimbo ule hadi mwisho wake, nikiwa nimeketi kitini sebuleni kama mtu aliyeikubali habari. Leo nimefika ubeti wa pili.

Mumeo,
Baba Wafula