Mama alicheka kwenye bembea, sasa baba mdogo hataki kuniozesha

Mpendwa Bi Mardhiya, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo ukoo unakutana na sijui nimpeleke mama au nimzuie. Majina nimeyabadilisha.

Mimi ni mtoto wa pekee, naishi na mama hapa Dunda. Baba alipatwa na kiharusi akalala kitandani miaka mingi, na mama ndiye aliyemgeuza, aliyemwogesha na kumlisha, hata kwenye harusi za jirani alikuwa haendi, na baba alipofariki Oktoba mwaka jana mama akakaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi, hakutoka wala hakuinua sauti, na eda ilipokwisha akaendelea kukaa ndani vilevile kana kwamba hakuna aliyemwambia kuwa imekwisha.

Tarehe 7 Juni kina mama wa mtaani walikwenda Morogoro, kwenye ile bembea ya ukingoni mwa kilima inayotazamana na milima ya Uluguru, ambako siku hizi kila mtu anakwenda kupiga picha, nikambembeleza mama mpaka akakubali kuja kutazama tu. Kijana anayefunga mikanda akamwita, "Bibi, zamu yako."

Mama akasema, "Mimi na umri huu nibembee?"

Jirani yetu Sikuzani akamsukuma begani. "Panda, shoga. Huo mlima utajuaje umri wako?"

Akafungwa mkanda, akasukumwa, ardhi ikabaki nyuma na bonde likawa chini ya miguu yake, akapiga ukelele, kisha akacheka, Bi Mardhiya, akacheka kicheko nilichokuwa nimekisahau, anamwambia yule kijana, "Sukuma tena, baba!" Mimi nikalia. Nikarekodi, na jioni nikaiweka video kwenye status na maneno, "Leo mama yangu kacheka."

Baba mdogo Mbaruku, mdogo wake marehemu, akaiona, akapiga simu. "Kaburi la kaka yangu halijaota hata majani, mkewe anarushwa hewani na vijana, mtandio unapepea?"

Nikamwambia, "Baba, eda imekwisha."

"Eda imekwisha, na aibu nayo imekwisha?"

Sasa nimeposwa na Ridhiwani, kijana wa Makurunge, na kwa kuwa baba hayupo na sina kaka, baba mdogo ndiye walii wangu. Amesema hataniozesha mpaka mama aende kwake Kaole Ijumaa, aombe radhi mbele ya ukoo mzima. Mama amekubali, anasema, "Nitaomba, mwanangu. Maneno tu hayo, wewe uolewe." Lakini tangu siku ile hakai barazani, redio hawashi, na juzi nilimsikia baada ya swala akimwomba Mungu amsamehe kwa kumfedhehesha mumewe. Nikimzuia, nitakosa walii na upande wote wa baba. Nikimwacha aende, nitakuwa nimeolewa kwa kudhalilishwa kwake. Nifanye nini?

Najma, Dunda

JIBU

Marahaba, Najma. Mama yako asiende. Nimeanza na hilo kwa sababu Ijumaa iko karibu.

Pole sana. Furaha ya kwanza kuingia nyumbani kwenu baada ya msiba imegeuzwa kesi. Mama alimuuguza mumewe, akakaa eda mpaka siku ya mwisho. Akisimama mbele ya ukoo kuomba radhi, atakuwa amekiri kosa ambalo halipo, na sidhani kama atacheka tena. Hayo si "maneno tu".

Sasa nikugombeze. Nani alikutuma kuitangaza? Mama alicheka mbele ya jirani zake. Wewe ukampeleka kwenye simu ya kila mwenye namba yako, bila kumuuliza. Baba mdogo naye amefiwa na kaka. Katika video ile hakuona miaka ya kuuguza, aliona shemeji yake akicheka. Hilo ni kosa lako. Tena barua yako haisemi kama mama anajua kuwa ni wewe uliyeiweka. Nadhani hajui.

Basi Ijumaa nenda wewe. Ongozana na mzee wa upande wa baba ambaye Mbaruku mwenyewe humwamkia. Kaa chini useme, "Baba, nimekuumiza kwa kuiweka ile video. Nisamehe." Ishia hapo. Akiuliza mama yuko wapi, sema wewe ndiye uliyemkataza kuja. Usibishane, na usiombe radhi kwa niaba yake.

Akishikilia neno lake, mweleze Ridhiwani yote, kisha nendeni kwa kadhi wa wilaya. Walii hana ruhusa ya kumzuia binti asiolewe bila sababu ya kisheria, na kadhi atamwita amsikilize. Harusi huenda ikachelewa. Ichelewe. Kama Ridhiwani hawezi kungoja, ni heri ulijue hilo sasa.

Lakini hayo ni ya Ijumaa. Leo hii futa video, kaa karibu na mama, umwambie, "Niliiweka mimi. Wewe hukumkosea baba." Huenda akakukasirikia. Mwache akasirike. Hasira hiyo ni haki yake, na ni afadhali kuliko kukesha akijiombea msamaha wa kosa lako.