Kabureta Yangu Ilikuwa Kyumbi

Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Baridi ya mwezi wa saba imeshika Machakos na jua halijatoka tangu asubuhi. Sikuenda kanisani leo. Ningeenda, ningeomba mambo ambayo hayaombwi mbele ya watu.

Vidole vyangu bado vinanuka petroli. Nimevisugua kwa sabuni ya kufulia, nikavisugua kwa limau, na bado. Mama amenikataza kukanda unga wa chapati.

Niandike kilichotokea, maana nisipoandika nitaendelea kukisema peke yangu jikoni.

Mimi hutibu mifugo. Hapa Katelembo na vijiji vya karibu wananiita daktari, na pikipiki ndiyo miguu yangu. Jumatatu niliipeleka Kyumbi kwa fundi Kioko, kwa sababu klachi ilikuwa inateleza. Ni klachi tu. Alikaa nayo siku nzima, akanirudishia akasema ameikagua yote, iko sawa, nitasahau kama nina fundi.

Jumanne asubuhi Mama Syombua alinipigia simu. Ni mjane, anaishi juu ya kilima upande wa pili wa mto, na alikuwa na ng'ombe mmoja. Ng'ombe alikuwa akisukuma tangu alfajiri, ndama hatoki. Niliwasha pikipiki nikaenda mbio. Katikati ya kilima ikakohoa, ikazima. Nikapiga teke mpaka goti likauma. Ikawaka, ikazima tena. Mwishowe niliiangusha kichakani, nikabeba mkoba wangu nikapanda kwa miguu, nikikimbia pale nilipoweza.

Ndama alikuwa amekunja kichwa nyuma. Nilipomtoa alikuwa ameshakufa. Mama yake alitokwa na damu nyingi, akalala upande, akafa kabla ya saa sita.

Ningefika mapema, ningemgeuza yule ndama. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi, mikono yangu inaijua.

Mama Syombua hakulia. Alichukua ndoo ya kukamulia akaenda kuifunika kifudifudi ukutani, akanikaribisha chai. Ya rangi.

Jioni nilimpigia Kioko simu nikamweleza. Akasema, "Daktari, pikipiki ni mashini. Hata wewe huwa unatibu ng'ombe na inakufa."

Nilikata simu. Sijawahi kumchukia mtu vile. Ilikuwa chuki safi, haina hata huzuni ndani yake.

Nikaapa kwamba hakuna fundi atakayeigusa pikipiki yangu tena. Nitaifungua mwenyewe, nitajua alichofanya, halafu nitarudi kwake nikiwa najua.

Kuapa ni rahisi. Spana ndizo ngumu.

Jumatano nilianza kwa kuharibu vichwa vya skrubu viwili, kwa sababu nilitumia kisu cha jikoni badala ya bisibisi. Kisha nilichomoa mpira wa petroli bila kufunga tangi kwanza. Petroli ikamwagika kwenye sahani ya maji ya kuku, na Mama akatoka akasimama mlangoni akiniangalia, mikono kiunoni. Aliwaita kuku.

Lakini kabureta ilitoka. Nikaishika mkononi, nikaigeuza, nikajua.

Haikuwa yangu.

Yangu ilikuwa na skrubu moja ya shaba pale chini, kwenye kikombe chake cha petroli. Mwaka jana nilipoteza ile ya asili, nikaweka moja niliyoitoa kwenye redio mbovu ya marehemu baba. Hii haikuwa na shaba popote. Ilikuwa kuukuu, imekwaruzwa ndani, na kile kisindano kinachozuia petroli isifurike kilikuwa kimelika ncha. Kioko alichukua kabureta yangu nzima, akaniwekea takataka, akanituma nayo kilimani.

Sikumpigia simu. Nilitaka kumfikia kwa pikipiki hiyo hiyo, ikinguruma, nikiwa nimeitengeneza mwenyewe.

Alhamisi nilienda Tala kutafuta kisindano kipya, nikakipata. Nikasafisha kabureta kwa mswaki wangu wa zamani, nikairudisha yote, nikafungua petroli, ikamwagika chini kama maji ya bomba. Kisindano nilikuwa nimekisahau juu ya dirisha.

Ijumaa niliweka kisindano, lakini kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta nilikiingiza kinyume. Pia nilikuwa nimeiacha kwenye gia. Nilipopiga teke, injini ilipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa, pikipiki ikatikisika mpaka ikaruka kutoka kwenye stendi yake, ikakimbia bila mtu, ikaingia kwenye ua wa mikunde wa Mama na kuzimika humo. Taa ya mbele ikapasuka.

Nilikaa chini nikacheka. Halafu nikalia. Halafu nikamkumbuka Kioko akisema inakufa, nikainuka nikaitoa uani.

Jumamosi asubuhi iliwaka teke la kwanza. Nikaiacha ingurume mpaka ikapata joto, nikapanda nayo kilima kizima cha Mama Syombua na kushuka, ili niwe na hakika. Kisha nikaelekea Kyumbi.

Kioko hakuwepo karakanani, alikuwa ameenda kunywa chai kwenye kibanda cha jirani. Watu wa boda walikuwa wamejaa hapo, wengine wakisubiri kutengenezewa, wengine wakisubiri abiria. Pikipiki yake mwenyewe ilikuwa imeegeshwa mlangoni. Niliinama. Skrubu ya shaba ilikuwa pale, inang'aa.

Nitakiri jambo hapa, kwa kuwa hii ni shajara yangu hata kama mtu ataisoma. Nilipochutama na spana yangu, niliitazama nati ya breki yake ya nyuma. Ingekuwa mizunguko michache tu. Nilifikiria ile barabara ya malori anayopita akienda nyumbani. Niliifikiria kwa raha. Sijui ni nini kilichouhamisha mkono wangu, na sitajisifu kwamba ni utu.

Nilifunga petroli kwanza, safari hii. Nikaanza kufungua kabureta. Watu wa boda wakasogea, wakaacha kuongea.

Kioko akaja na kikombe mkononi. "Daktari, unafanya nini hapo?"

"Natoa kabureta yangu."

"Hiyo pikipiki ni yangu."

"Pikipiki ni yako. Mimi nimesema kabureta."

Akatazama watu, akanitazama mimi. Akashusha sauti. "Tuongee huko pembeni. Hapa kuna wateja."

"Hao ndio nataka wasikie."

Basi nikawaambia, huku mikono ikiendelea na kazi. Niliwaambia kuhusu klachi, na kilima, na ndama aliyekunja kichwa, na ndoo iliyofunikwa. Sikupaza sauti. Nilitoa kabureta yangu kwake, nikatoa takataka yake kwangu, nikafunga yangu mahali pake. Bolti moja ilinianguka mara mbili, na hakuna aliyecheka. Nilipomaliza niliweka ile mbovu juu ya kiti cha pikipiki yake.

"Sikujua kuna ng'ombe atakufa," Kioko akasema.

Mzee mmoja wa boda, ambaye pikipiki yake ilikuwa imefunguliwa nusu pale sakafuni, akainama akaanza kukusanya vipande vyake kwenye gunia. Mwingine naye akasukuma yake akaondoka. Kioko akawaangalia wakienda. Uso wake ulikuwa uso niliokuwa nimeutaka tangu Jumanne, na niliutazama mpaka nikashiba.

Nilifurahi. Nilifurahi njia nzima. Sitadanganya.

Nikapitia kwa Mama Syombua kumpa habari. Alikuwa anapalilia mboga nyuma ya zizi. Nilimsimulia yote, pengine na chumvi kidogo. Alisikiliza ameegemea jembe.

"Kwa hivyo ameaibika," akasema.

"Sana, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Mbele ya kila mtu."

"Na wewe umepata kitu yako."

"Nimepata."

Akarudi kwa mboga zake. Aling'oa magugu kidogo, kisha akasema bila kuniangalia, "Mimi bado niko na chai ya rangi."

Niliwasha pikipiki nikarudi nyumbani, na injini haikukohoa hata mara moja, na sikuifurahia.

Tangu asubuhi nimelifikiria neno lake. Kabureta ilikuwa yangu. Ng'ombe hakuwa wangu. Nimelipiza cha kwangu nikaona nimemaliza, na mimi ndiye niliyesimama katika lile zizi nikiwa na damu mpaka viwikoni.

Hasira haijapungua. Afadhali isipungue kwa sasa.

Kwao Kioko wanafuga. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe niliwachanja ng'ombe wao msimu wa mvua. Wana mitamba mitatu, na yule mwekundu mwenye kiuno kipana ndiye bora, atazaa bila shida na atatoa maziwa mazuri. Sitaki Kioko aombe msamaha. Msamaha haukamuliwi. Nataka yule mtamba mwekundu, na akikataa, twende kwa wazee wa ukoo wake, kisha kwa chifu, na nitasema tena kila neno, na watu wa boda watakuwa mashahidi.

Lakini safari hii sitamsemea mtu.

Nimempigia Mama Syombua simu sasa hivi. Amesema hajui kukaa kwa pikipiki, na kwamba Kioko ni mtoto wa watu. Nikamwambia sawa, amwambie hivyo akiwa anamtazama. Kisha akauliza tutatoka saa ngapi.

Nimemwambia kukipambazuka, na avae koti zito. Ile barabara ya Kyumbi asubuhi ina baridi.