Mtu Aliyesimama Kiwanjani

Alhamisi jioni. Upepo wa kusi umevuma kutwa nzima na sasa umepoa, ila moyo wangu bado umechafuka kama mkondo wa bahari wa Chole maji yanapogeuka.

Wachache mnaosoma blogu hii hamnijui sura, na leo nashukuru kwa hilo. Ninachoandika nisingeweza kumwambia mtu uso kwa uso.

Nina wivu.

Si wivu wa mapenzi. Namwonea wivu mdogo wangu Upendo, tuliyenyonya naye ziwa moja, niliyembeba mgongoni Mama alipokuwa shambani.

Kwa msiojua, mimi ni muuguzi mkunga kwenye zahanati ya Juani, kimoja cha visiwa vya Mafia, kisichofikika ila kwa boti. Nilikuja huku kutoka Njombe nikiwa sijawahi hata kuiona bahari. Watoto niliowapokea mwanzo sasa wananipa shikamoo wakienda shule. Nimevuka maji mara nyingi na wajawazito waliolala magotini pangu, mvua ikitunyeshea, na hakuna siku mtu alinipiga picha. Wala sikuitaka.

Nilidhani sikuitaka.

Mwaka huu Upendo akaletwa Mafia na kampuni yake, pamoja na ndege za kubeba dawa. Ndege hizo hazina rubani. Zinapaa wima, zinajipeleka zenyewe juu ya maji, na zikifika zinajichagulia pa kutua. Upendo ndiye mhandisi wake. Anakaa Kilindoni, makao makuu ya wilaya, akizifuatilia kwenye skrini. Wavuvi wameipa ndege jina la Kipungu, kwa sababu ikitandaza mabawa inafanana na samaki bapa wa jina hilo. Watoto wanaichora mchangani. Nikipita wananiuliza, "Sista, kumbe wewe ndiye dada yake Inginia?"

Ndiyo. Mimi ndiye dada yake Inginia.

Mama naye, huko Njombe, kila Jumapili akitoka kanisani anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. "Mwanangu anarusha ndege baharini! Bwana asifiwe!" Ujumbe wote ni Upendo, Upendo, Upendo. Mwishoni kabisa, kabla hajaachia kitufe, anaongeza: "Na dada yake yupo huko huko."

Nipo huko huko.

Upendo alipokuja Juani kutufundisha, kijiji kizima kilijaa kwenye kiwanja kilicho mbele ya zahanati. Kiwanja kile nilikichagua mimi. Nilisimamia visiki vikang'olewa, nikachora duara la chokaa katikati kwa mikono yangu. Nilitaka aseme mbele za watu kwamba dada yake amefanya kazi. Akasema, tena kwa upole, "Pazuri, Dada. Lakini alama si amri. Ndege itaiona, kisha itajiangalia yenyewe."

Akaeleza kwa Kiswahili chepesi. Ndege ikifika juu ya mahali inatazama chini kwa kamera, na kwa miale inayopima kimo cha kila kitu, toka jiwe hadi mnazi. Inaigawa ardhi vipande vidogo vidogo kama miraba ya mkeka. Kila kipande ni kama inakiuliza: umelala sawasawa au umeinama? Una kisiki, waya, maji? Upepo utanisukuma wapi nikishuka kwako? Vipande vibaya inavitupa. Vilivyobaki inavilinganisha, kisha inachagua kile chenye nafasi zaidi pande zote. Mahali pengine pamekatazwa hata pawe tambarare: watu wa hifadhi ya bahari walisema fukwe wanakotaga kasa zisiguswe, na magofu ya mji wa kale wa Kua pia.

"Na mtu je?" aliuliza Bi Zuhura, jirani yangu. "Ikimkuta mtu chini?"

"Penye mtu haishuki, bibi, hata pawe pazuri namna gani. Na haiachi kutazama mpaka iguse ardhi. Mtu akiingia ikiwa inashuka, inapanda tena kutafuta pengine. Ikikosa, inarudi Kilindoni na mzigo wake."

Watu wakapiga makofi. Bi Zuhura akampa mkeka wa ukili wa rangi, ule niliokuwa nikiusifu tangu alipoanza kuusuka. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Sasa leo.

Asubuhi Mwanahawa, mkwe wa Bi Zuhura, alijifungua mikononi mwangu. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Kondo la nyuma likatoka lote. Lakini damu haikukata. Nilimpa vidonge tulivyokuwa navyo, nikamkanda tumbo ili mji wa mimba ukaze. Damu ikapungua, ikarudi. Sindano ambazo zingemsaidia ziliharibika juzi friji ya sola ilipokufa. Na maji yalikuwa yamekupwa, boti zimelala kwenye matope.

Nilimpigia Upendo. Hakuuliza maswali mengi. "Wanapakia sasa hivi, Dada. Sindano, dripu, vyote."

Kupokea mzigo ni kazi ya Asha, mhudumu wetu. Ndivyo tulivyofundishwa: Asha anasimama ukutani kwa zahanati, nje ya kiwanja, analinda watu na mifugo wasiingie, anangoja ndege iache mzigo na kuondoka, ndipo anaufuata. Mimi nabaki na mgonjwa.

Leo nilimwambia Asha abaki yeye, aendelee kumkanda Mwanahawa kama nilivyomwonyesha. Nilijiambia kwamba dawa kama hizo sharti nizipokee mwenyewe. Haikuwa kweli. Nilijua kamera ya ndege inamwonyesha Upendo kila kitu, na kwamba wakubwa wake husimama nyuma ya kiti chake. Nilitaka, walau mara moja, nionekane mimi.

Nilipotoka nikamkuta mbuzi anakula majani karibu na chokaa. Niliingia nikamfukuza, akakimbilia vichakani. Ndege ilikuwa imekwisha tokeza juu ya minazi, ikivuma kama mzinga wa nyuki. Ningeweza kutoka. Nafasi ilikuwepo. Badala yake nilibaki, nikasogea kando kidogo ya duara, nikainua mkono kama wale wanaoongoza ndege kubwa uwanjani. Kana kwamba inanihitaji.

Ilishuka hadi nikaliona boksi la dawa tumboni mwake. Ikasimama hewani. Vumbi likanijaa machoni.

Kisha ikapanda.

Nitaandika hapa jambo ambalo Mungu analijua tayari. Ilipopanda, nilifurahi. Mwanahawa anavuja damu nyuma ya ukuta, na mimi nafurahi kwamba ndege ya mdogo wangu imeshindwa.

Simu ikalia.

"Dada, kuna kitu kiwanjani. Imekataa kutua. Ni nini?"

"Ni mbuzi," nikasema.

Nilisikia sauti za wanaume nyuma yake. Kisha Upendo akasema polepole, "Sawa. Basi mwambie huyo mbuzi atoke."

Nilikimbia hadi ukutani. "Ametoka! Irudishe!"

"Siwezi kuilazimisha. Ikishakataa mahali, inajaribu pengine kwanza. Na kwa upepo huu haina chaji ya kuzunguka sana. Ikikosa itarudi huku. Omba, Dada."

Furaha ile ilikuwa imekwisha kufa, na mahali pake pakaingia hofu ambayo sijawahi kuipata hata kwenye boti inayoingia maji. Niliitazama ndege ikielea, ikisogea, ikisita. Ikapita juu ya paa la msikiti. Nikajikuta naisemesha kwa sauti kama mwendawazimu: hapo pana waya, hapo pana kisima, songa mbele, mama yangu, songa mbele. Sikujua kama mbele kuna pa kutua. Nilijua tu kwamba pale ilipotakiwa kutua nilikuwa nimepaziba mimi.

Ikaenda hadi shamba la muhogo la Bi Zuhura, lililovunwa karibuni, matuta yakasawazishwa. Hapakuwa na mtu, maana wa nyumba ile wote walikuwa zahanati wakingoja habari za Mwanahawa. Ndege ikasimama juu ya shamba. Nikashika kichwa. Ikashuka taratibu mpaka ikapotea nyuma ya migomba, na sauti yake ikazimika.

Nilikimbia kwa njia ya vichochoro, kandambili moja ikabaki njiani. Nikarudi na boksi kichwani.

Asha alikuwa bado anakanda, jasho linamtiririka hadi kidevuni. "Sista, ulikuwa wapi?" Nikachoma sindano, nikatundika dripu, nikashika mahali pake. Mji ukakaza chini ya kiganja changu kama ngumi inayofumbwa. Damu ikakata. Mwanahawa akafumbua macho akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume, kwa kuwa mara ya kwanza tulipomwambia hakusikia.

Alasiri maji yalipojaa, boti ikampeleka Kilindoni akaongezewe damu. Bi Zuhura alikwenda naye, mjukuu kifuani. Kabla ya kupanda alinishika mikono yote miwili, machozi yakimlenga. Nikangoja.

"Sista, mwambie mdogo wako Mwenyezi Mungu amlipe."

Kwenye kucha zangu kulikuwa bado na damu ya mkwewe.

"Nitamwambia, Bi Zuhura," nikasema. Na wivu ukanichoma upya, pale pale, miguu yangu ikiwa majini. Baada ya yote yale! Nilidhani hofu imeuunguza. Kumbe ulikuwa umejibanza tu, unangoja hatari ipite.

Magharibi Upendo akapiga. Mwanahawa kafika salama, kawekewa damu, anaongea. Nikashukuru, nikataka kukata simu.

"Dada, kuna jambo. Wakubwa wameniuliza kwa nini kiwanja kilikataliwa. Nimewaambia ni mbuzi. Sasa wanasema Asha amezembea kukilinda. Wanataka aondolewe kwenye kazi hii."

Asha, aliyekuwa na mikono yote miwili juu ya tumbo la Mwanahawa wakati mimi nampungia Kipungu.

"Aliyekuwa kiwanjani ni mimi," nikasema.

"Najua."

"Unajua?"

"Wao waliona kivuli tu ndani ya vumbi. Mimi nilikujua ulipoinua mkono. Ndivyo ulivyokuwa ukiniita nirudi nyumbani giza likiingia."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Wewe ulisema mbuzi. Ningewezaje kumbishia dada yangu mbele za watu?"

Hakuniuliza nilisimama pale kwa nini. Aliniuliza kama nimekula.

Nimekaa hapa kibarazani tangu hapo, ugali umepoa, na ninalowaza si zuri. Nawaza: hata wema amenizidi. Angenigombeza ningepata pa kushika. Ningesema, aa, Inginia ameanza kujiona. Amenifungia kila mlango wa kumchukia, na hilo nalo namwonea wivu.

Ndivyo nilivyo leo. Sijipambi.

Asha hajui lolote. Amepita hapa kunipa samaki wa kukaanga, akaniambia, "Pumzika, Sista, leo umepambana." Nilishindwa kumtazama.

Boti ya kwanza inaondoka kesho maji yakijaa. Nitavuka. Nitaingia ofisini kwa wakubwa wa Upendo na kuwaambia kwamba ndege ilipokataa kutua pale hapakuwa na mbuzi, palikuwa na muuguzi, na kwamba Asha alikuwa akifanya kazi yangu huku mimi nikiiharibu ya kwake. Pengine watanizuia nisiguse tena mambo ya ndege. Pengine habari itamfikia Mama, na Jumapili kwenye kundi la familia atanitaja kuliko alivyowahi kunitaja.

Kisha nitamtafuta Upendo peke yake nimweleze lile nililoshindwa kumwambia kwenye simu, kwamba ndege yake ilipopanda nilifurahi. Sijui atanitazamaje. Naogopa hilo kuliko wakubwa wote wa Kilindoni.

Wivu huu nitavuka nao, maana sina pa kuuacha. Ila kesho hautasema kwa niaba yangu.