Mswidi Aliyekoswa na Mapanga Mara Kumi na Tisa

UMOJA WA WASEMAO KISWAHILI, BELLEVUE NA YEOVILLE
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumapili, 20 Machi 2011
Mahali: Chumba cha mbele cha Mwenyekiti, penye cherehani, Bellevue
Muda: Kiliitishwa saa nane mchana, kikaanza saa tisa kasorobo

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Évariste, Mwenyekiti (fundi cherehani, kwao Uvira)
2. Bi. Biubwa Mselem, Katibu na mwandishi wa kumbukumbu hizi (kwao Unguja)
3. Bw. Octave, Mjumbe wa Maombi na Nidhamu (mlinzi, kwao Bukavu)
4. Bw. Cyriaque, mwanachama mwenye shauri (kwao Bujumbura)
5. Bi. Pascasie, mke wa Bw. Cyriaque (msusi)

WASIOHUDHURIA
Bi. Mwanaasha, kwa udhuru wa harusi. Bw. Claude, bila udhuru, ingawa wajumbe wote walimwona dirishani akila mahindi ng'ambo ya barabara.

KUMB. NA. 1/3/2011: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba watu wasikalie nguo za wateja. Alieleza kwamba jambo ni moja tu. Bw. Cyriaque ni kedi, yaani hubeba mfuko wa fimbo za wacheza gofu. Bosi wake Mswidi, Bw. Torvald Hedersten, amemwita akambebee huko Uswidi kuanzia Mei hadi Agosti. Ofisi inayotoa hati za safari kwa wakimbizi inataka barua ya chama inayosema huyo bosi ni mtu wa namna gani. Kamati iliikataa barua hiyo Novemba. Kesho ni sikukuu, na keshokutwa Jumanne ndiyo siku ya mwisho kuipeleka.

KUMB. NA. 2/3/2011: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA NOVEMBA
Katibu alisoma aya ya nne: "Bw. Cyriaque aliieleza Kamati kwamba mwajiri wake amenusurika kukatwa mapanga mara kumi na tisa, zote hapa hapa Johannesburg." Kwa sababu hiyo Kamati iliamua kumnyima Bw. Cyriaque barua kwa usalama wake mwenyewe, kumwandikia Mswidi barua ya pole, na kumuombea kila Ijumaa.

Bw. Cyriaque alisema hakutaja mapanga. Katibu alimuuliza, basi alisema nini. Alijibu kwamba alisema "bosi amekosa kukatwa mara kumi na tisa", na kwamba hayo ni maneno ya gofu. Alieleza kuwa mashindano ni ya siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Ijumaa jioni hupigwa mstari, na huko ndiko kukata. Walio juu ya mstari wanaendelea, walio chini wanafungasha na kurudi makwao. Huyo anayefungashwa, Waingereza husema amekosa kukatwa.

Bw. Octave aliuliza kama ni kweli kwamba aliyekatwa ndiye anayebaki, na aliyekosa kukatwa ndiye anayeondolewa. Alijibiwa ndivyo. Bw. Octave alisema Waingereza wana matatizo.

Katibu alieleza kwamba sentensi ya Bw. Cyriaque ilifika mezani haina ufasaha, kama zifikavyo sentensi nyingi za wajumbe wanaosema "mutoto" na "namupenda", naye aliinyoosha tu. Neno "mapanga" aliliongeza ili msomaji asibaki akijiuliza mtu kakatwa kwa kitu gani. Aliikumbusha Kamati kwamba katika mji huu, tangu wageni walipovamiwa mwaka 2008, ukisema kukatwa hakuna anayefikiria majani.

Mwenyekiti alimuuliza Bw. Cyriaque kwa nini hakusahihisha kosa hilo mapema. Alijibu kwamba hakuna aliyewahi kusomewa kumbukumbu, kwa kuwa Mwenyekiti huzisaini zikiwa ndani ya bahasha. Mwenyekiti alisema tuendelee.

Iliazimiwa kwamba neno "mapanga" lifutwe, na kuanzia leo Katibu aandike maneno ya watu kama yalivyosemwa. Katibu aliomba upinzani wake uingizwe. Umeingizwa.

KUMB. NA. 3/3/2011: MAISHA NA KAZI YA BW. TORVALD
Ili Kamati imjue mtu inayemuandikia, Bw. Cyriaque alileta karatasi mbili alizochapisha kwenye intaneti kafe, akazisoma huku akitafsiri.

Bw. Torvald alizaliwa mwaka 1966 katika mji wa viwanda vya mbao kaskazini mwa Uswidi, ambako theluji hukaa mpaka Mei. Kwa hiyo alijifunzia gofu ndani ya ghala la viazi. Alianza kucheza kwa kulipwa mwaka 1990. Ameshinda mara moja, mwaka 1994, katika mashindano yaliyovunjwa na mvua ya mawe siku ya kwanza, yeye akiwa mbele kwa sababu ndiye aliyetangulia kuanza. Zawadi ilikuwa injini ya mashua. Hana mashua. Mwaka 2001 mkewe aliondoka pamoja na mbwa. Tangu 1999 huja Johannesburg kila mwaka, kwa kuwa mji uko juu na mpira huruka mbali zaidi. Akirudi kwao, mpira ule ule huishia njiani.

Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama kweli huyu ni mchezaji wa kulipwa. Alijibiwa ndiyo, mara mbili. Bi. Pascasie alisema yeye angesuka hivyo, wateja wangeshamchapa.

Bw. Octave aliomba karatasi aiangalie mwenyewe. Alinyoosha kidole kwenye mstari mmoja: Johannesburg, Mei 2008, Ijumaa amepita mstari. Jumamosi hakufika uwanjani, ameondolewa. Bw. Octave alisema, "Bon. Miaka yote hii amepita mara moja, na kesho yake akalala. Sasa tumuandikie barua mutu asiyefika kazini?" Neno "mutu" limeandikwa kwa kufuata azimio.

Bw. Cyriaque aliombwa ajibu. Aliomba kikao kiende kwenye ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 4/3/2011: TAARIFA YA MAOMBI
Bw. Octave aliripoti kwamba tangu Novemba hajaacha Ijumaa hata moja. Kanisani kwake wameomba, na Katibu amesoma dua kwa upande wake, maneno yakiwa yale yale: Bw. Torvald aendelee kukosa kukatwa.

Bw. Cyriaque alisema tangu hapo bosi amecheza mashindano matatu na kuondolewa yote matatu. Katika lile la mwisho mpira ulifika ukingoni mwa shimo, ukasimama pale, ukakataa kuingia. Bw. Octave alisema hayo ndiyo majibu ya maombi, na alionekana kufurahi kabla ya kukumbuka maana yake.

Ikasomwa pia barua ya Bw. Torvald ya kujibu pole yetu. Ile pole Bw. Octave aliiandika kwa Kifaransa na kuituma Uswisi, akishikilia kwamba Uswisi na Uswidi zinapishana herufi moja tu. Bw. Torvald mwenyewe aliipata kwa sababu Bw. Cyriaque alimpa nakala mkononi, ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Jibu lake lilikuwa fupi: "Asanteni sana. Hakuna mtu aliyenishambulia. Naomba kwa heshima kujua mnaniombea kitu gani hasa."

Mwenyekiti alielekeza maombi yakome leo hii.

Bi. Pascasie alisema yasikome. Kamati ilimuuliza kwa nini. Alisema bosi akifukuzwa kila Ijumaa atachoka, na Cyriaque atarudi mapema. Akianza kupita, watamtaka huku na kule, na Agosti itageuka Desemba. Alisema tangu watoke mtaa wa Alexandra mume wake hulala upande wa mlango, na yeye hana usingizi wa namna nyingine. Alisema hati ya mkimbizi ikishavuka mpaka, hakuna ajuaye kama itafunguliwa ikirudi kubisha. Alisema anaogopa, na hakuona haya kusema hivyo.

Bw. Octave alimuunga mkono. Alisema maombi yaendelee na barua isiandikwe.

KUMB. NA. 5/3/2011: BARUA
Mwenyekiti alimtaka Bw. Cyriaque aseme kwa kinywa chake kwa nini anataka kwenda na mtu ambaye hashindi. Alisema huu ni msimu wa mwisho wa bosi, mgongo umekataa. Akasema, "Mara moja tu alipita na mimi sikuwapo. Mufuko alibeba mwenyewe. Nataka apite siku moja nikiwa nimebeba mimi."

Bw. Octave aliuliza, siku hiyo ya Mei 2008 yeye kedi alikuwa wapi. Bw. Cyriaque alitazama cherehani.

Aliyejibu ni Bi. Pascasie. Alisema walikuwa kituo cha polisi cha Alexandra pamoja na waliofukuzwa wengine, mtoto wao Inès akiwa na wiki mbili. Jumamosi asubuhi mzungu alifika getini na mfuko wa fimbo, viatu vya misumari, akiuliza mtu jina lake "Siriyaki". Polisi walimnyang'anya fimbo zote kumi na nne, maana wiki ile kila fimbo ilikuwa silaha. Jina liliitwa, na ndani hakuna aliyeitika, kwa sababu wiki ile mtu akiitwa getini haitiki. Mzungu hakuondoka. Alikaa chini juu ya mfuko usio na fimbo mpaka saa tisa alasiri, ndipo Cyriaque akachungulia na kumtambua. Mzungu alitoa taulo zake za kufutia mipira akampa Bi. Pascasie za kumfunikia mtoto. Bi. Pascasie alisema taulo hizo anazo hadi leo.

Kisha akasema, "Mimi sikujua kama siku ile alikuwa na kazi."

Bw. Cyriaque alisema naye alikuja kujua baadaye, na bosi alimuomba asilitaje.

Bi. Pascasie aliomba karatasi. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo aliomba aonyeshwe mstari wenyewe. Bw. Octave alimuonyesha, kisha akavua kofia. Bi. Pascasie aliuangalia mstari huo kwa muda ambao Katibu hakuupima.

Mwenyekiti aliuliza kama yupo anayepinga barua. Hakuna. Bw. Octave aliomba maneno yake ya Kumb. Na. 3 yafutwe. Katibu alimkumbusha azimio. Basi aliomba aruhusiwe kutoa sentensi ya kwanza ya barua, akaruhusiwa: "Tunamfahamu Bw. Torvald Hedersten wa Uswidi. Ni mtu anayefika."

Ilibaki namna ya kumuombea. Mwenyekiti alisema hilo liamuliwe na Bi. Pascasie peke yake: aombewe apite, au aombewe arudishwe. Mume wake alimwambia aseme lililo moyoni, yeye hatakasirika.

Bi. Pascasie alikunja karatasi, akasema:

"Muombe apite. Na Jumapili apite. Ye alitungojaka pale mulangoni, na siye tutamungoja."

Sentensi hiyo imeingizwa kama ilivyosemwa. Katibu hakuona pa kunyoosha.

KUMB. NA. 6/3/2011: MENGINEYO
Bw. Claude aliingia akiuliza kama kikao kimeanza. Watu walikuwa wanasimama, saa kumi na moja na dakika tano.

Biubwa Mselem, Katibu (saini)

Évariste, Mwenyekiti (saini). Nimesoma kwanza.