Mwenye Nyumba Wetu

Mdogo wangu wa pekee,

Mimi mzima; wagonjwa wa wodi yangu wameshazoea kuniita dada. Mshahara ni ule tulioahidiwa, ila kodi hukatwa kabla haujanifikia, na chumba kimoja tunalala wauguzi wanne.

Nilimuuliza mwenzangu anakatwa kiasi gani. Akatazama mlango kwanza.

"Tumekatazwa kuulizana, ndugu yangu."

Hapo machale yakanicheza. Nikamfuata mkusanya kodi hadi kwa mwenye nyumba. Kumbe ndiye wakala aliyenileta, yule aliyekunywa chai kwa Mama akituita wanawe!

Nimehama na mwenzangu. Akija kukuchukua wewe, usitie sahihi. Atakuonyesha picha yangu nikicheka. Ilipigwa uwanja wa ndege, kabla sijakiona chumba.

Dada yako akuombeaye