Utani Wangu Ulimfuta Mjukuu Kwenye Orodha ya Soka

Mpendwa mshauri Melania, naomba msaada wako, mwanangu, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana katikati najua utanikasirikia tu. Mimi ni bibi wa miaka sitini na mbili, nakaa Bangwe hapa Kigoma, naanika dagaa na kuuza, jina langu liweke kapuni na mjukuu wangu tumwite Dunia.

Dunia ana miaka kumi na minne, ni mtoto wa mwanangu Nasri ambaye ni mvuvi wa dagaa na huonekana nyumbani mwezi ukiwa mpevu tu, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mama yake ni Muha wa Kasulu, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumlalamikia kwa mtu, na mtoto huyo tangu ajue kutembea miguu yake haijatulia, alianza kupiga malimao, ukaja mpira wa makaratasi, akawa anacheza na wavulana ufukweni nami nikipita na beseni langu nawatukana wote, yeye wa kwanza, nasema mtoto wa kike akivunjika mguu nani atamuoa, mpaka Mwalimu Gervasi anayefundisha timu ya wasichana kule Rusimbi akaja kumwombea ruhusa, nikasema haya, na siku ya kwanza nilipokwenda kumtazama nikamwona amempita beki, akarudi akampita tena yule yule kama mtu aliyesahau chenji yake, nikapiga vigelegele mpaka kanga ikaanguka. Tangu siku hiyo sikukosa mechi hata moja.

Mwezi wa sita wakaja watu wa kituo kimoja cha kukuza vipaji vya soka vya wasichana, kituo chenyewe kiko Mwanza, mtoto akipita anaishi huko huko, anasoma, anacheza, analishwa, na wanaofanya vizuri huitwa timu ya taifa ya vijana, basi wakafanya majaribio siku tatu, wakaja wasichana themanini na kitu kutoka Ujiji, Ilagala, mpaka Kasulu, na nafasi ni tatu tu, kila jioni wanakata watu na wanaokatwa wanalia hadharani, siku ya tatu wakabaki tisa na Dunia ndani. Hao tisa wakaambiwa watatembelewa majumbani kuhakikiwa, kwa sababu kituo ni cha raia peke yao, na mwaka jana ndio ule uwanja wetu wa mpira ulijaa Warundi walioletwa na meli kutoka Kagunga, watu wamelala mpaka golini, kwa hiyo siku hizi kila karatasi hapa kwetu inauliza wewe ni wa wapi.

Sasa elewa jambo moja, mwanangu. Bibi na mjukuu ni watani, nadhani hata kwenu ni hivyo, mimi Dunia namwita mke mwenzangu naye huniita hivyo hivyo, namlaumu kwamba aliniharibia kwa marehemu babu yake, na tangu akiwa mdogo namwambia yeye si wetu, tulimwokota kwenye boti la wakimbizi, mama yake alikwenda kupanga foleni ya uji akamsahau, naye hunijibu kwamba kwao wanakula vizuri kuliko kwangu. Ni maneno ya kila siku, majirani hata hawageuki.

Wakaja wageni wawili wa kile kituo, mama mmoja mwenye miwani na fomu zake, na kijana wa kupiga picha. Nasri alikuwa kambini ziwani, mkwe wangu, mama yake Dunia, alikuwa amekwenda Ilagala kununua dagaa, tulikuwepo mimi na Dunia tu tunaanika. Yule mama alieleza vizuri, akasema mtoto akichukuliwa atarudi likizo ya Desemba peke yake, halafu akauliza, kwa heshima zote, huyu ni mtoto wenu wa kuzaa? Mimi nimeinama kwenye chanja, uso mkavu kama utani unavyotaka, nikamjibu, "Huyu si wetu, mama. Tulimwokota kwenye boti la wakimbizi." Na Dunia, kama alivyozoea, akadakia huku anacheka, "Ndiyo, kwetu Burundi, nasubiri nauli tu."

Tulicheka sisi wawili. Yule mama hakucheka, aliandika, na mimi nilimwona akiandika, Melania, nisikudanganye, niliona kalamu imekwenda mistari mitatu na sikusema kitu, nikakimbilia kumletea maji ya kunywa, nikajisemea moyoni ataelewa, huyu ni mtu mzima. Na nikwambie ambalo sijamwambia mtu, aliposema Desemba peke yake moyo ulinikata, maana huyo mtoto ndiye ninayelala naye chumba kimoja tangu babu yake afariki, basi mpaka leo sijui kama mdomo uliteleza wenyewe au ulitumwa. Tuache hilo.

Mwisho wa mwezi wa saba majina matatu yakasomwa uwanjani, Dunia hayumo. Alirudi, akafua njumu alizokuwa ameazimwa na Mwalimu, akaziacha zikauke, akazirudisha. Aliniambia hivi tu, "Bibi, sikuwa mzuri. Wale wa Kasulu wana mbio." Nami nikamwambia pole.

Siku tatu baadaye Mwalimu Gervasi akaja, akaniamkia shikamoo mara mbili, nikajua kuna jambo. Akasema Dunia alikuwa wa pili kati ya wote, makocha walimtaka, lakini fomu ya nyumbani imesema ni mtoto wa kuokotwa, mkimbizi, na mwenyewe amekiri mbele ya mashahidi, ila kwa kuwa walimpenda wameishikilia nafasi yake, tukipeleka karatasi za ukoo zilizopita kwa mtendaji wa kata kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa nane, anaingia. Alitaka kumsubiri Nasri azungumze naye, nikamwambia niachie mimi, niliyeharibu ni mimi na nitakayetengeneza ni mimi, usimwambie mtu. Akaniamini, mtoto wa watu.

Hapo ndipo penye mwiba wangu. Nikifika kwa mtendaji nitaulizwa mimi, mama mzazi wa Nasri, nimezaliwa wapi, baba yangu kazikwa wapi. Na mimi nimezaliwa ng'ambo, Kongo, mwaka wa sitini na nne nikiwa na miaka kumi shangazi yangu alinipandisha mtumbwini vita vilipochacha, tukashukia Ujiji, akaniambia mtu akikuuliza sema wewe wa hapa hapa, na nimesema hivyo miaka hamsini na miwili, nimeolewa hivyo, nimepiga kura hivyo, mume wangu alijua lakini wanangu hawajui. Aliyeokotwa kwenye boti ni mimi, Melania. Nikifungua mdomo kumtetea Dunia naogopa watamfuta yeye, wamfute na Nasri, tuambiwe twende kambini uzee huu, na nikinyamaza Dunia atakua akiamini hajui mpira. Ameshaacha. Jioni wenzake wakimwita anasema ana kazi, na kazi yenyewe ni kugeuza dagaa ambao wamekauka tangu mchana.

Waliosema majuto ni mjukuu walikuwa wananisema mimi. Leo ni tarehe sita Agosti, siku bado zipo, ila kila asubuhi nasema nitakwenda kesho. Nifanyeje?

Bibi mwenye majuto, Bangwe.

MELANIA ANAJIBU

Shikamoo, Bibi. Naanza na shikamoo kwa sababu huko mbele adabu itapungua kidogo. Majina yenu nimeyabadilisha na mtaa pia, kwa hiyo hilo lisikutie hofu.

Utani si kosa lako. Bibi yangu mimi alikuwa akiniambia alininunua kwa debe la muhogo na kwamba muhogo ulikuwa na faida zaidi. Lakini utani ni wa watani, Bibi, na mtu mwenye fomu mkononi si mtani wako. Ulipoona kalamu inakwenda ulitakiwa kusema neno moja, "namtania," na Dunia leo angekuwa anafunga sanduku. Badala yake ukakimbilia maji. Na sababu yake umeiandika mwenyewe, ukaandika upesi upesi, ukasema tuache hilo. Mimi siliachi. Hukutaka aondoke. Kumpenda sikulaumu, maana nimekusoma na nimeona unavyompenda. Nakulaumu kwa kumwacha mtoto alipie mapenzi yako bila kujua analipa nini.

Halafu nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta mtu mmoja, nikamwona kwenye mistari miwili tu: mama yake Dunia. Bibi, mtoto huyo ana mama. Ni Muha wa Kasulu, ana baba yake na babu yake, na makaburi yao yako huko yanajulikana. Lazima ipo kadi ya kliniki yenye jina la mama huyo, na kama hakuna cheti cha kuzaliwa, kuna kaka zake wanaoweza kupanda gari kutoka Kasulu asubuhi na kusimama mbele ya mtendaji kabla ya saa sita. Swali lililoulizwa ni kama Dunia ni mtoto wa watu wanaojulikana. Huenda swali la baba yako kuzikwa wapi lisingefika hata mezani. Hofu yako ilikuwa kubwa mpaka ukasahau kwamba mtoto ana pande mbili, ukaenda kusimama peke yako kwenye upande uliokuwa na mwiba.

Sasa neno gumu, na natamani ningekuwa na lingine. Barua umeiandika tarehe sita. Imenifikia tarehe ishirini na tatu. Ukurasa huu unatoka Ijumaa, ndiyo hiyo hiyo Ijumaa ya mwisho, na gazeti hufika Kigoma Jumamosi. Nimehesabu mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Hukuacha namba ya simu, wala ya kwako wala ya Mwalimu. Ulikuwa na siku ishirini mkononi, na mtu wa kukutoa anapika jiko moja nawe, ukaona bora umwandikie mtu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kukuona. Nimekasirika, kama ulivyosema nitakasirika. Nimesikitika zaidi.

Hata hivyo hukai chini. Ukimaliza kusoma, mwite mkwe wako umwambie yote, na Kongo ndani yake. Jumatatu asubuhi yeye na Mwalimu Gervasi waende kwa mtendaji na karatasi za upande wa mama, na Mwalimu awapigie watu wa kituo aulize kama nafasi bado ipo. Kama haipo, wasirudi mikono mitupu: waombe fomu ile isahihishwe kwa maandishi, ili mwakani Dunia akirudi kwenye majaribio asikutane tena na mistari mitatu ya utani wako. Kwamba mwakani watamchukua siwezi kukuahidi. Miguu ya miaka kumi na mitano si ile ya kumi na minne, na wasichana wengine hawatakuwa wamelala.

Habari yako mwenyewe usiipeleke kwa mtendaji peke yako, na usiape uongo wa pili kufunika wa kwanza. Tafuta watu wa msaada wa kisheria, hapo Kigoma wapo na hawatozi kitu, wasimulie kama ulivyonisimulia mimi. Umeingia mtoto wa miaka kumi, umeolewa na mtu wa hapo, umezaa hapo, umezeeka hapo. Zipo njia za halali za mtu kama wewe, wao watakuonyesha, na hiyo ndiyo kazi yao. Nasri naye ataambiwa mwezi ukimleta nyumbani, na atakayemwambia ni wewe. Ni mvuvi, kuvuka ziwa hakutamshangaza. Atakachouliza ni kwa nini hakuambiwa, na uwe na jibu.

Amebaki Dunia, na huyu hasubiri Jumatatu. Atalia, na anaweza kukaa siku nyingi bila kukuita mke mwenza, na utavumilia. Lile jibu lake la nauli atalikumbuka, na atadhani yeye ndiye aliyejiangusha, basi uwahi kumwambia kwamba alijibu ulivyomfundisha, na mzigo ule si wake. Usianze na pole, alishaipata na haikumsaidia. Usianze na Kongo, wala na hofu yako, kwa sababu hayo ni ya kujitetea wewe, na mtoto huyo majuma manne sasa analala chumba kimoja na wewe akiamini kwamba miguu yake haikutosha. Mketishe karibu, umtazame usoni, na cha kwanza kabisa kumwambia kiwe hiki: "Ulichaguliwa. Mimi ndiye niliyekufuta."